Akiba Inayooza

Mwezi Machi mwaka 2024 ilitangazwa habari ambayo watu wa rika langu hatukutarajia kuisikia. Mkurugenzi Mtendaji wa TANESCO, Mhandisi Gissima Nyamo-Hanga, alipotembelea kituo cha kufua umeme cha Hale, alieleza kwamba vituo vitano vya umeme wa maji vimezimwa kwa kuwa umeme uliokuwa ukizalishwa ulizidi mahitaji ya nchi. Mvua zilikuwa nyingi, mtambo wa kwanza wa Bwawa la Julius Nyerere ulikuwa umeanza kazi mwezi mmoja nyuma, na hapakuwa na matumizi ya kutosha kuumaliza umeme huo wote.

Hale iko chini yetu. Sisi wa Vugiri tunakaa juu, ukingoni mwa milima ya Usambara, katika wilaya hiyo hiyo ya Korogwe. Habari ilipotufikia ilizua kicheko na hasira kwa pamoja. "Kama umezidi, si watuletee sisi?" waliuliza watu, na swali lao lilikuwa na haki, maana jioni ile ile walikuwa wanapika kwa kuni. Nimelifikiri swali hilo kwa muda mrefu. Mimi nimefundisha historia, wala si mhandisi. Lakini naamini sehemu kubwa ya jibu lake imo katika historia.

Hebu tuanze na mto wetu. Maporomoko ya mto Pangani yalianza kufua umeme miaka ya 1930, wakati kampuni ya TANESCO, iliyoundwa mwaka 1931, ilipojenga kituo cha kwanza cha Pangani Falls. Kituo hicho, ambacho baadaye kilifikia uwezo wa megawati 17.5, hakikujengwa ili mama wa Kisambaa apate taa ya kumnyonyeshea mtoto usiku. Kilijengwa kwa ajili ya mji wa Tanga na mashamba ya mkonge. Mkonge uliletwa nchini na Mjerumani Richard Hindorf mwaka 1893, na kufikia zama za Waingereza uwanda wote wa Tanga, Muheza na Korogwe ulikuwa umefunikwa na mistari yake. Kila shamba kubwa lilikuwa na korona, yaani mashine ya kusindika majani ya mkonge, na korona hula nguvu nyingi. Wazee wetu walioshuka kufanya kazi ya kukata mkonge waliona taa za umeme katika nyumba za mameneja, kisha wakarudi kambini kuwasha koroboi.

Mwaka 1964, nikiwa bado mtoto wa shule, Hale ilianza kazi. Kituo chake kimechimbwa chini ya ardhi, kina mashine mbili, na uwezo wake ni megawati 21. Kwa nchi iliyokuwa na umri wa miaka mitatu tangu kupata uhuru, hilo lilikuwa jambo la fahari. Umeme wa Hale ulisafirishwa kwa nyaya kubwa hadi Dar es Salaam. Nyaya zilipita juu ya vijiji, na vijiji vikabaki gizani. Nguzo zilikuwa ndefu mno na volteji kubwa mno kwa nyumba ya udongo. Kisha soko la mkonge likaporomoka kwa sababu ya kamba za nailoni, na korona nyingi zikanyamaza. Mto ukaendelea kutiririka.

Baada ya hapo nchi ikaenda kutafuta nguvu mahali pengine. Kidatu ilianza mwaka 1975 na kukamilika kwa megawati 204 mwaka 1980. Mtera ikaja mwaka 1988 na megawati 80, Pangani Falls mpya ikafunguliwa mwaka 1995 ikiwa na megawati 68, na Kihansi ikafuata mwaka 2000 na megawati 180. Majina haya wanafunzi wangu waliyakariri kwa ajili ya mtihani wa jiografia. Lakini sote tuliyafahamu kwa njia nyingine, yaani kwa mgawo wa umeme. Ukame wa mwanzoni mwa miaka ya 1990 ulikausha Mtera. Mwaka 2006 hali ikawa mbaya tena, na mwaka 2011 vilevile. Katika miaka hiyo neno "umeme" halikuweza kutamkwa bila neno "mgawo". Watoto walisoma kwa mshumaa katika miji yenye nyaya, na sisi wa milimani tukajifariji kwamba angalau hatujalipia nyaya hizo.

Kwa hiyo fikra za taifa zilijengwa juu ya msingi mmoja: umeme ni mchache, basi dawa ni kuzalisha zaidi. Mwalimu Nyerere mwenyewe alitamani bwawa kubwa katika korongo la Stiegler kwenye mto Rufiji, na mwaka 1975 iliundwa mamlaka ya kuliendeleza bonde hilo. Ilichukua zaidi ya miaka 40 ndoto hiyo kuanza kujengwa. Mkataba na kampuni mbili za Misri ulitiwa saini Desemba 2018, jiwe la msingi likawekwa Julai 2019, maji yakaanza kujazwa Desemba 2022, na mashine zote tisa zikakamilika mwaka 2025. Kila mashine ina megawati 235, na zote kwa pamoja megawati 2,115. Gharama yake ilitajwa kuwa shilingi trilioni 6.5. Kabla yake, vituo vyote vya nchi, vya maji, gesi na mafuta, vilikuwa na uwezo wa karibu megawati 1,900. Maana yake ni kwamba kwa bwawa moja tuliongeza uwezo mara mbili na zaidi.

Uwezo unaweza kuongezeka mara mbili kwa kufungua mashine tisa. Matumizi hayaongezeki hivyo. Matumizi ni mamilioni ya maamuzi madogo: huyu anunue jokofu, yule abadilishe mashine ya dizeli, mwingine aamue kuchemsha maharage kwa umeme. Hapo ndipo lilipofichika jibu la swali la watu wa Vugiri.

Katika chuo cha ualimu tulifundishwa kumwongoza mwanafunzi kutoka katika lile analolijua kwenda kwa lile asilolijua. Basi tuende mashineni. Kila aliyewahi kupeleka mahindi kusaga ameusikia mlio wa mashine ya dizeli. Mahindi yakimiminwa kwa wingi, mlio hushuka, mashine inalemewa. Mahindi yakiisha ghafla, mlio hupanda juu, mashine inakimbia kama mbuzi aliyekata kamba, na mwenye mashine hukimbilia kupunguza mafuta. Gridi ya taifa ni mashine hiyo hiyo kwa ukubwa mwingine. Mitambo yote ya nchi huzunguka kwa mwendo mmoja, unaotoa umeme wa mizunguko 50 kwa sekunde. Watu wakiwasha vitu vingi kuliko umeme unaofuliwa, mwendo hupungua. Wakizima vingi, mwendo hupanda. Ukipanda au kushuka mno, vifaa vya ulinzi hujikata vyenyewe ili kuokoa mitambo, na nchi inaweza kuingia gizani.

Watu wengi hudhani hatari ni upungufu peke yake. Kumbe mzigo mdogo nao una taabu zake. Nyaya ndefu zikibeba umeme kidogo, volteji yake hupanda badala ya kushuka, na mafundi hulazimika kuitia breki kwa mitambo maalumu. Mitambo michache ikibaki inazunguka, hitilafu ya mmoja huuma zaidi, kama timu ya mpira iliyobaki na wachezaji saba. Siwezi kusema hicho ndicho kilichotokea tarehe 1 Aprili 2024, Jumatatu ya Pasaka, gridi ilipopata hitilafu na sehemu kubwa ya nchi ikakosa umeme. Lakini tarehe hiyo inafaa kukumbukwa, maana haukupita hata mwezi mmoja tangu tuambiwe kwamba umeme umezidi. Wingi na giza vinaweza kukaa nyumba moja.

Wahenga walisema akiba haiozi. Walikuwa wanazungumzia mahindi ghalani na fedha kibindoni. Umeme umewashinda wahenga. Hauwezi kukaa kwenye waya kusubiri mteja. Unafuliwa na kutumika katika nukta ile ile. Maji nyuma ya ukuta wa bwawa ni akiba ya kweli, lakini bwawa likijaa, maji ya ziada hufunguliwa yaende, na nguvu iliyokuwa ndani yake hufuatana nayo hadi baharini.

Jirani zetu walilijua jambo hili kabla yetu. Kule Olkaria, katika Bonde la Ufa nchini Kenya, mvuke hutoka ardhini usiku na mchana. Haujui kwamba Nairobi imelala. Saa tisa usiku, viwanda vikiwa vimefungwa na taa zimezimwa, mvuke ambao ungeendesha mitambo huachiwa upotee hewani. Upepo wa Turkana nao, unaozungusha mashine 365 zenye uwezo wa megawati 310, una tabia ya kuvuma kwa nguvu usiku. Mwezi Desemba 2017 serikali ya Kenya ikaamua kuwauzia wenye viwanda umeme wa usiku, kuanzia saa nne hadi saa kumi na mbili alfajiri, kwa nusu ya bei, mradi wavuke kiasi walichozoea kutumia. Mwaka 2023 ikaweka bei ya pekee kwa kuchaji magari na pikipiki za umeme, nayo saa za usiku ni nafuu zaidi. Uganda, ambayo ilifungua Karuma ya megawati 600 mwaka 2024, imekuwa ikipambana na umeme uliozidi kwa miaka kadhaa.

Huko mbali ni tatizo la zamani zaidi. Uingereza mwaka 1978 ilianzisha bei ya saa saba za usiku, ambapo wananchi walipasha matofali mazito ndani ya majiko ya ukutani, na matofali hayo yakatoa joto mchana kutwa. Mitambo mikubwa isiyopenda kuzimwa ikapata kazi ya usiku. Sasa mambo yamegeuka. Katika jimbo la South Australia watu wamefunika mapaa kwa sola, hata mchana wa Jumapili yenye jua na ubaridi wa wastani gridi hubaki karibu haina mteja. Tangu Septemba 2020 kila sola mpya ya nyumbani huko sharti iweze kuzimwa kutoka mbali, na mwezi Machi 2021 uwezo huo ulitumika kwa mara ya kwanza. Hebu fikiri: mtu amenunua sola kwa fedha yake, na serikali inaizima kwa sababu jua limezidi. Njia ya pili waliyoitumia ni ya hekima zaidi. Walichukua majiko ya kupasha maji ya kuoga, ambayo kwa miaka mingi yaliwashwa usiku, wakayahamishia saa za adhuhuri. Maji ya moto hayana haraka. Yakipashwa saa sita mchana yatakuwa bado ya moto saa mbili usiku.

Hapo ndipo nilipowakumbuka Wapare.

Ukishuka Korogwe ukafuata reli kuelekea Same, milima ya kulia kwako ina kitu kiitwacho ndiva. Ni bwawa dogo la udongo na mawe, lililojengwa mlimani na mababu, chini ya chemchemi au kando ya kijito. Kijito chenyewe ni chembamba. Ukikielekeza shambani moja kwa moja, maji hunywewa na mfereji kabla ya kufika. Kwa hiyo wazee walibuni kuyafungia maji ya usiku ndani ya ndiva, wakati hakuna anayemwagilia, na alfajiri hufungua mlango maji yakashuka kwa nguvu. Ugawaji una zamu, zamu ina wasimamizi, na anayeiba maji hutozwa faini. Ndiva ikijaa tope, watu huitwa kwa msaragambo waje kuizoa.

Angalia jinsi wazee wale walivyofikiri. Hawakukimbilia kutafuta mto mkubwa zaidi. Walitambua kwamba maji yanayopita usiku bila mtumiaji ni maji yaliyopotea, na kwamba haja ya shamba inaweza kusogezwa hadi saa itakayofaa. Mhindi haujui kama umenywa maji saa mbili asubuhi au saa nane mchana. Lakini mtu mwenye kiu hangoji zamu. Kwa hiyo kulikuwa na haja za kungoja na haja zisizongoja, na hekima yote ya ndiva ni kuzitenganisha.

Basi tutenganishe zetu. Taa haingoji. Redio ya saa mbili usiku haingoji, wala mashine ya hospitali. Lakini pampu inayojaza tangi la kijiji inaweza kungoja. Tangi ndilo ndiva yake. Jokofu kubwa la kupoza maziwa kwenye kituo cha kukusanyia linaweza kutengeneza barafu saa nane usiku na kupoza maziwa ya asubuhi. Betri ya bodaboda ya umeme inaweza kuchajiwa dereva akiwa amelala. Feni za kunyausha chai hufanya kazi kwa saa nyingi, na sehemu kubwa ya kazi hiyo ni ya usiku. Makande yanayochukua nusu siku kwenye mafiga huiva kwenye sufuria ya umeme yenye mfuniko wa kukaza kwa chini ya uniti moja, nayo hayalazimiki kupikwa saa moja jioni, wakati kila mtu amewasha kila kitu.

Mfano wa jambo hili nimeuona kijijini bila mhandisi yeyote. Mwenye mashine ya kusaga aliye jirani nasi aliacha dizeli akaingia umeme. Wateja wakawa wanakuja wote jioni, watoke shamba ndipo wasage. Sisi tuko mwisho wa laini. Mota ikiwaka jioni, taa za nyumba za jirani zikawa nyekundu kama makaa, na mota yenyewe ikapata moto. Yule bwana alifikiri, kisha akapunguza bei kidogo kwa wanaoleta mahindi kabla ya saa sita mchana. Hakutangaza popote. Katika wiki chache foleni ya jioni ikapungua, maana mama anayehesabu shilingi hamsini zake anajua kuamka mapema. Mashine ikasaga zaidi kuliko zamani, na taa zetu zikatulia.

Sasa linganisha na mita yangu ya LUKU. Uniti ninayoitumia saa moja jioni, wakati mitambo yote ya nchi inahemwa, na uniti ninayoitumia saa nane usiku, wakati maji yanafunguliwa yaende zake, zina bei moja. Mita haijui saa. Anayetumia kidogo, chini ya uniti 75 kwa mwezi, ana bei ya huruma ya shilingi 100 kwa uniti kabla ya makato, na hilo ni jambo jema. Lakini bei hiyo inamwambia jambo moja tu: usizidishe. Akivuka uniti 75 bei hupanda zaidi ya mara mbili. Kwa hiyo mama aliyethubutu kupika kwa umeme huadhibiwa kwa kutumia kitu ambacho nchi inacho tele. Sheria iliyotungwa katika miaka ya uhaba bado inatutawala katika mwaka wa wingi.

Jambo hili lina uchungu kwa sababu ya kuni. Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia, uliozinduliwa mwaka 2024, unataka asilimia 80 ya Watanzania wapike kwa nishati safi ifikapo mwaka 2034. Misitu ya Usambara ndiyo inayozishika chemchemi zetu, na sehemu ya maji yake huishia katika mto Pangani. Tunakata mti, kijito kinapungua, kituo cha umeme kinakosa maji. Na wakati wa mvua nyingi kituo hicho hicho kinazimwa kwa kukosa mteja, naye mteja yuko msituni anakata mti. Mzunguko huo sikuusoma katika kitabu chochote. Uko mbele ya macho yetu.

Nilibishana juu ya haya na mjukuu wangu, fundi umeme mjini Tanga, alipokuja kufunga sola kwenye nyumba ya jirani.

"Babu," aliniambia, "hii hesabu ya gridi waachie wenyewe. Paneli zimeshuka bei, betri zinashuka. Mwenye uwezo afunge zake, aage nguzo."

"Na asiye na uwezo?" nilimwuliza.

"Huyo abaki na TANESCO."

"Bwawa atalilipa nani?"

Alicheka, akasema hilo ni swali la walimu. Lakini ndilo swali lenyewe. Nchi ya Pakistan mwaka 2024 iliingiza paneli za sola za takriban gigawati 17 katika mwaka mmoja, kwa sababu bei ya gridi iliwachosha watu. Wenye mapaa mapana walijitoa nusu au kabisa. Gharama za vituo na nyaya hazikupungua hata senti, zikagawanywa kwa waliobaki, bei ikapanda, na wengine wakapata sababu ya kutoka. Shilingi trilioni 6.5 za bwawa letu hazipungui mtu akifunga sola. Zikikosa wateja wa kutosha, atakayebaki kuzibeba ni yule mwenye chumba kimoja na taa mbili.

Simlaumu mjukuu wangu wala jirani. Sola ilikuja Vugiri kabla ya nguzo za umeme vijijini kufika kwa wengi wetu. Paneli moja ndogo ilimpa mwanafunzi taa wakati nchi nzima ilikuwa inasubiri bwawa. Asiyekuwa na mgongo wa kumbeba hana budi kutembea. Ninachosema ni kwamba sola za paani na gridi zinaweza kuwa kama kijito na ndiva, kila kimoja kikimfaa mwenzake, endapo kutakuwa na zamu na bei zinazoeleweka. Mwenye sola aiuzie gridi jioni kutoka kwenye betri yake, wakati umeme ni adimu, na anunue usiku wa manane wakati umezidi. Bila mpango huo vitakuwa wake wenza wasiosalimiana.

Kuna pia suala la umbali. Bwawa la Nyerere liko kusini mashariki. Umeme wake husafiri kilomita 160 kwa nyaya za kilovolti 400 hadi Chalinze, na kutoka hapo huendelea na safari ndefu kuja Tanga, Kilimanjaro na Arusha, ukipungua njiani kama maji katika mfereji wa udongo. Ndiyo maana mwezi Machi 2025 Rais Samia Suluhu Hassan alieleza, akiwa Kilimanjaro, mpango wa kununua umeme kutoka Ethiopia kwa ajili ya mikoa ya kaskazini. Wengi walishangaa: tunao mwingi, halafu tunanunua? Lakini aliyeona ndiva hashangai. Maji yaliyo katika bonde la mwenzako, hata yakiwa mengi, hayamwagilii shamba lako mpaka uchimbe mfereji. Na mfereji mrefu usio imara hunywa zaidi ya unavyopeleka. Ndiyo maana pia vituo vidogo vya Pangani, ingawa megawati zake ni chache, vina thamani ya pekee kwetu. Viko karibu.

Nimeulizwa na vijana kama haya yote ni maneno ya mzee asiye na kazi. Huenda. Lakini nimeishi muda wa kutosha kuona taifa likijifunza somo moja vizuri mno hata likasahau kwamba kitabu kina sura ya pili. Sura ya kwanza ilikuwa kuzalisha, na tuliisoma kwa miaka 60, kwa jasho na kwa mikopo. Sura ya pili ni kutumia, nayo haihitaji saruji nyingi. Inahitaji mita inayojua saa. Inahitaji bei inayomwita mtu usiku na adhuhuri badala ya kumfukuza akizidisha. Inahitaji mkopo wa sufuria ya umeme unaolipwa kidogo kidogo, mota za mashine za kusaga, majokofu ya maziwa, pampu na matangi. Na inahitaji laini za vijijini zenye nyaya nene kidogo, ili sisi wa mwisho tusipewe umeme mwekundu.

Juu ya yote inahitaji wasimamizi wa zamu. Ndiva nyingi za Upare zimedumu kwa vizazi, na nyingine zimekufa. Zilizokufa mara nyingi hazikukosa maji. Kilichokosekana ni watu wa kuamka usiku kufunga mlango, na wengine wa kukubaliana nani afungue alfajiri.